Kinachoota Jua

Picha yenyewe haikuwa na mtu. Ilikuwa na kilima, na anga nyeupe, na chini ya kilima weusi fulani kama masizi ya chungu. Binti aliyeileta aliitandaza juu ya mkeka wangu pale Heru Juu, akaiwekea punje za maharage kwenye pembe isipeperuke, akatuuliza sisi vikongwe wawili, mimi na wifi yangu: "Bibi zangu, hapa ni wapi?"

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, na hajawahi kuwa na subira na mambo ya karatasi. Aliinama, akatazama, akainuka.

"Hapa ni mlimani," akasema.

Binti akacheka. "Sawa bibi, lakini mlima upi?"

"Mwanangu, huku kwetu milima ni kama uyoga baada ya mvua. Ungekuja na picha ya mahali tambarare, hapo ningekuambia mara moja."

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakimbizi wa Burundi wamekwisha kuingia, kambi zimefunguliwa upande wa Kibondo na upande wetu wa Kasulu, na miti inaisha kwa kuni. Binti huyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, ametoka Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa hii: alikuwa na nakala za picha za nchi yetu zilizopigwa na mzungu mmoja enzi za Mjerumani, naye anatafuta pale pale aliposimama yule mzungu, asimame yeye, apige tena. Halafu anaziweka mbili pamoja, ya kale na ya leo, aone nchi imekuwaje. Nilimpenda kwa kazi hiyo. Sikujua kama yuko mtu duniani anayetumwa kwenda kutafuta mahali pa kusimama.

Picha nyingine zote alikwisha kuzipatia kwao. Ya mto ilijulikana, ya njia ya zamani ilijulikana. Ilibaki hii moja. Wazee wa kiume wa Kasulu mjini walikuwa wamemwambia kwamba ni kilima kimoja cha upande wa Titye. Alikuwa amepanga kwenda huko kesho yake, kisha arudi Dar, maana gari lilikuwa la kuazima na siku zimekwisha. Kwetu alipita tu kuuliza kwa mara ya mwisho.

"Nyuma yake kumeandikwa jina," akasema, "ila wazee wanasema mzungu alikosea, hakuna kilima cha jina hilo." Akaigeuza picha, akalisoma.

Nikilileta kwa Kiswahili, jina lile ni Kinachoota Jua.

Wifi yangu akapiga makofi. "Kilima kinaota jua! Basi na mto nao unajipaka mafuta. Mzungu huyo alikuwa amekunywa nini?"

Tukacheka wote. Nami nilicheka. Lakini jina lile lilipita ndani yangu kama harufu ya moshi unapopita njiani, unajua kuna nyumba inapika karibu na huioni. Binti alikunja vitu vyake, akasema atalala mjini kwenye nyumba ya wageni, na kama tutakumbuka lolote tumpelekee habari kabla ya asubuhi.

Sasa niseme jambo langu na milima, ili mwelewe kwa nini siku ile sikutulia.

Mimi sikuzaliwa Heru Juu. Nilizaliwa mbele ya Makere, ndani huko ukielekea Kibondo, chini ya kilima kimoja kikubwa. Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, mama yangu alikufa, akazikwa uani kwetu kama walivyozikwa watu wote. Hazikupita mvua nyingi, Mwingereza akasema mbung'o wamezidi, malale yanaua watu, kila mtu ahame akakae pamoja na wengine barabarani. Tukafungasha. Baba alibeba mlango. Mlango mzima wa matete aliubeba kichwani, sijui kwa nini. Nyuma yetu nyumba zilichomwa, pori likaingia, wakaingia nyati na watu wa asali. Baba hakurudi, akazeeka, akafa. Nikaolewa Heru Juu, nikazaa, nikazika mume. Kilima nakijua jina, na walina asali walikuwa wakiniambia kipo. Lakini kilima ni kikubwa. Ukiniambia "mama yako yuko chini ya kilima kile," hujaniambia kitu. Upande upi? Nilitamani siku moja tu niketi pale penyewe. Si kwa tambiko, mimi ni mtu wa kanisani. Nikae tu, kama mtu anavyokaa kwa mama yake mchana kazi zikipungua.

Majina ya watu wa kule ninayo yote. Naweza kukutajia kila aliyekaa kwenye mteremko ule, na mke wake, na ng'ombe wake mwenye mabaka. Wajukuu hunichezea kwa kuniuliza, nami hujibu mpaka wanachoka wao. Lakini humu sitaandika jina la mtu hata mmoja, wala la kilima chenyewe. Sababu nitaisema.

Mchana ule, baada ya binti kuondoka, nililala kidogo kivulini. Maharage yalikuwa yameanikwa uani. Nikasikia mke wa mwanangu anatoka jikoni mbio akiita:

"Mama! Mama amka, yale ya juu yanashuka! Tukusanye maharage!"

Nikainuka, tukakusanya. Matone makubwa yakaanza. Na hapo, nimeshika ungo, nikasimama kama mjinga.

Yale ya juu. Mke wa mwanangu hasemi "mvua." Hajasema tangu aolewe. Jina la nyumbani la marehemu mume wangu lilikuwa na mvua ndani yake, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala kitu kinachoitwa kwa jina hilo. Hutafuta neno lake la pembeni. Tumezoea, hata hatusikii tena. Wajukuu wangu walipokuwa wadogo walikuwa wakisema "yale ya juu" shuleni na kuchekwa.

Na babu yangu, baba wa baba yangu, alizaliwa chini ya kile kilima, akapewa jina la kilima.

Sasa mama yangu, aliyeolewa pale, kila siku ya Mungu anatoka nje kilima kimemkabili usoni, na hawezi kukitaja! Ndipo nikamsikia. Kwa kweli nilimsikia, kwa sauti yake, ambayo nilikuwa nimeipoteza kabisa, nimeitafuta miaka mingi sikuipata: "Peleka mbuzi kule kwa Kinachoota Jua, usiwalete hapa kwenye mihogo." Na baba anacheka mlangoni, anamtania, "Kile ni kilima au ni bibi kizee?" Kilikuwa kinapata jua la asubuhi kabla yetu, sisi tungali tunatetemeka huku chini kwenye ukungu.

"Mama unalowa," akasema mke wa mwanangu.

Nikamwambia, "Niitie wifi yangu."

Wifi yangu alikuja amejifunika gunia. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema:

"Babu yako alikuwa na wana wangapi wa kiume?"

"Wanne."

"Wote walioa?"

"Wote."

"Basi wake wanne walikatazwa jina hilo. Umejuaje ni mama yako na si mwenzake?"

"Wenzake walikiita Kile Kikubwa."

"Wewe mtoto wa mbuzi ulijua wote walivyokiita?"

"Wifi!"

"Nauliza tu. Nisipokuuliza mimi atakuuliza nani?" Akakaa, akakamua gunia lake. "Na mzungu alimuuliza mwanamke kwa nini? Wanaume walikuwa wapi?"

Hilo nililijua, kwa sababu baba alilisimulia kila mwaka. Siku alipokuja mzungu na askari wake, wanaume wote walikimbilia kwenye matete bondeni, maana askari walikuwa wakikamata watu wa kubeba mizigo, na aliyebebeshwa alirudi nusu mfu. Walibaki wanawake, wakatoa chakula. Baba alikuwa kijana, ana mke mpya, ndiye mama yangu. Akiwa kwenye matete aliona mzungu anasimamisha kitu cha miguu mitatu, anaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi kama kuku aliyefunikwa kapu, na mkewe amesimama karibu na kikapu cha unga, anaulizwa maneno.

"Anaulizwa nini?" tulikuwa tukimuuliza baba.

"Sikusikia. Nilikuwa majini mpaka shingoni," alijibu, na hapo ndipo hadithi yake ilipoishia.

Wifi yangu akajifunika tena gunia lake. Mvua ikapiga bati. Akasema, "Vaa viatu. Tukimkosa huyu binti utanililia mpaka nife."

Tukashuka mjini kwa miguu, matope mpaka magotini. Tulimkuta binti anakula chipsi. Nilimweleza mara mbili, mara ya kwanza vibaya kwa haraka. Hakunikatiza. Akatoa picha, akaiangalia upya, akatoa na kioo kidogo cha kukuza, akanipa.

"Bibi, nilikuwa sijafikiria hilo la wanaume," akasema. "Tunazitazama hizi picha tunasema, aa, nchi ilikuwa tupu. Kumbe watu walikuwa wamejificha wanamwangalia mpiga picha." Kisha akanionyesha kitu ambacho mimi macho yangu yasingekiona hata kwa miaka. Pembeni, karibu na njia, palikuwa na kitu cheupe kama pumzi ya asubuhi. "Kamera za zamani zilikuwa nzito za kuona. Zilitaka kitu kitulie. Mlima unatulia, mti unatulia. Mtu akitembea, anapotea, au anaacha ukungu kama huu. Sijui kama ni mtu. Inaweza kuwa doa tu la kioo cha kamera. Sitaki nikudanganye."

"Usinidanganye," nikasema. Lakini sikuliachia jicho lile doa.

Akafikiri. Titye ilikuwa karibu, na wazee wa kiume walikuwa wameapa. Kwetu kule mbele ya Makere kulikuwa mbali, na akikosea amerudi Dar bila kitu. Wifi yangu akamsaidia kufikiri.

"Mwanangu, wale wazee wa mjini nawajua. Yule wa kofia aliwahi kuapa kwamba mbuzi wangu ni wake."

Alfajiri tulipita Makere. Wifi yangu mbele na dereva, akimfundisha kuendesha. Mimi nyuma na binti, picha magotini. Tulipoacha barabara na kupanda mgongo wa mwisho, nilikiona. Sikukitambua kwa macho, niseme kweli. Kilikuwa kimenyolewa. Mti haukubaki juu yake, na mteremko wote ulikuwa maturubai ya buluu na meupe, moshi, watoto, madumu ya maji yamepangwa foleni. Nilikitambua kwa jua. Huku sisi tungali katika ukungu tumevaa masweta, chenyewe kilikuwa kimeshaoga mwanga mpaka mabegani, kimetulia, kinaota.

Binti alifanya kazi yake, na ilikuwa nzuri kuitazama. Anainua picha usawa wa jicho, anasogea kushoto, anarudi, anasogea tena, mpaka kilima cha nyuma kijifiche nyuma ya bega la kile cha mbele kama kilivyojificha kwenye picha. Ghafla akasimama. "Hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Alisimama hapa." Nami nikaenda nikasimama, nikaona alichoona yule mzungu. Weusi ule wa masizi chini ya kilima, ambao yeye alidhani ni kichaka, pale sasa palikuwa na kibanda kimoja na shamba dogo la maharage. Na kuzunguka shamba, visiki.

Nilienda mwenyewe. Wifi yangu alitaka kunishika mkono nikamkatalia.

Vilikuwa visiki vya mivumu. Zamani tulivaa magome ya mti huo, na ua la nyumba lilijengwa kwa vigingi vyake. Kigingi cha mvumu ukikichomeka ardhini hakikubali kufa, kinakuwa mti. Nyumba ikiisha, ua linabaki limesimama duara, miti mikubwa inayoangaliana. Watu wa kambi walikuwa wameikata kwa kuni, lakini duara la kwetu lilikuwepo. Nikakisia mlango ulipokuwa. Nikaingia kwa mlango.

Mwanamke wa kile kibanda alikuwa anapalilia, mtoto mgongoni. Mrundi. Tukasalimiana, lugha zetu ni ndugu. Akaniangalia ninavyozungusha macho kwenye maharage yake.

"Mama, unatafuta nini?"

"Namtafuta mama yangu."

Akaacha jembe pale pale. Uso wake wote ukabadilika. "Mlipotezana njiani? Mlivuka naye mto? Nenda ofisi ya kambi, mama, wanaandikisha waliopotea. Mimi nilimpata kaka yangu hivyo. Jina lake nani? Nitakusindikiza, ngoja niweke mtoto."

Alikuwa ameshanishika mkono. Wifi yangu, aliyekuwa amenifuata kimya kimya hata nilipomkatalia, akamwambia taratibu, "Huyu wa kwake hakuvuka mto, binti yangu. Alibaki hapa hapa. Zamani sana."

Yule mwanamke akatazama chini. Akatazama maharage. Akasogeza mguu wake mmoja, halafu wa pili, asijue pa kuuweka.

"Kaa na miguu yako," nikamwambia. "Huyu alikuwa mkulima. Maharage hayamsumbui."

Akanitolea kigoda, nikakaa. Sikujua kaburi liko upande gani wa duara, na sikulitafuta tena. Nilikaa katikati. Nilikuwa nimefikiri siku hiyo ikifika nitalia sana, lakini nilikaa tu, nikimsaidia kuchambua magugu yaliyokuwa karibu na mkono wangu, kama ningefanya kwa mama. Kitu kilichoniuma ni kidogo: nilitaka aniulize nimekula.

Binti alileta picha ya kale amwonyeshe mwenyeji wetu. Yule mwanamke aliishika, akaitazama, akapiga kelele, "Mawe! Iwacu!" Yaani, mama wee, kwetu! Hapa ni kwetu, akasema, huu ni mlima wa nyumbani Ruyigi, Burundi, nani ameupiga picha? Akaonyesha kwa kidole miti ilivyokaa, na njia inavyopinda kwenda kwa shangazi yake. Binti alitaka kumrekebisha, wifi yangu akamkanyaga. Yule mwanamke akainua macho mwenyewe, akaona kilima kilichokuwa nyuma ya maturubai, ambacho alikiona kila siku akienda kuteka maji, akakiangalia na picha, akakiangalia tena. Akafunika mdomo. Kisha akairudisha picha polepole, kwa mikono miwili.

"Zamani kilikuwa kizuri hivi?" akauliza.

"Kilikuwa na watu," nikasema.

Ikafika saa ya kupiga. Binti alipanda pale juu akasimamisha kitu chake cha miguu mitatu, akatupungia mkono tutoke. Picha ya pili lazima ifanane na ya kwanza, alikuwa ametueleza, na ya kwanza haina mtu. Wifi yangu akatoka. Yule mwanamke akatoka na mtoto wake. Mimi nilitembea mpaka kwenye njia, pale pembeni palipokuwa na ukungu ule mweupe, nikasimama.

"Bibi, sogea kidogo! Unaonekana!" binti akaita.

"Ndiyo," nikaita nami. "Hapa palikuwa na mtu aliyetembea. Mimi nitatulia."

Nilitulia. Nilibana hata pumzi. Wifi yangu anasema nilikuwa kama kigingi.

Picha ilinifikia miezi baadaye, imepitia kwa muuza duka wa Kasulu ambaye hupokea mizigo ya watu, imewekwa pamoja na ile ya kale kwenye bahasha ya kaki. Mimi nimo kama punje ya ulezi, lakini nimo. Nyuma binti ameandika jina la kilima. Alikuwa ameniuliza siku ile garini aandike lipi, lile la kweli linalojulikana kwa walina asali, au la mama. Mimi sikukatazwa jina la babu, naweza kulitamka mchana kweupe. Nilimwambia aandike la mama, na ndiyo sababu humu nami nimeyazunguka majina yote kama alivyozunguka yeye.

Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kuomba moto aliiona mezani akauliza ni kilima gani. Mke wa mwanangu, ambaye nilikuwa nimekwisha kumsimulia yote na jina la kweli analijua, alikuwa anapepeta unga. Akamjibu yeye kabla yangu, bila kuinua uso:

"Ni Kinachoota Jua. Ni cha mama."